Nguvu ya Kijiji Isifie Mpakani mwa Mji

Katika kijiji chochote cha Wilaya ya Handeni au ya Korogwe, mkulima ana haki ambayo mara nyingi hata mwenyewe haijui. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndicho chombo chenye kauli ya mwisho juu ya mwelekeo wa mambo yote ya kijiji. Kisha inaukabidhi mkutano huo kazi mbili zinazokwenda sambamba: kuichagua halmashauri ya kijiji, na kumwondoa katika halmashauri hiyo mjumbe yeyote, au wajumbe wote kwa pamoja. Watu wazima wa kijiji, wakiwa wamekaa chini ya mwembe wao, wamepewa na sheria uwezo wa kumwambia kiongozi waliyempa dhamana kwamba sasa inatosha, arudi nyumbani.

Haki hiyo inaishia hapo hapo kijijini. Mkulima yule yule akimgeukia diwani wa kata yake, sheria inamwambia angoje miaka mitano. Na jirani yake aliyehamia mjini, akapanga chumba Chanika au Manundu, hana hata kijiji cha kuanzia. Anao mtaa, na mtaa, tofauti na kijiji, hauna ardhi ya kuisimamia wala mali inayomilikiwa kwa jina lake. Mambo mazito ya mkazi wa mji huamuliwa na Halmashauri ya Mji, na humo anayeisemea kata yake ni diwani. Hivyo basi, kadiri mwananchi anavyosogea karibu na mji ndivyo maamuzi yanayomgusa yanavyozidi kuwa ya fedha na viwanja, na ndivyo uwezo wake wa kumwajibisha anayeyapitisha unavyopungua. Huo ni upungufu wa sheria, na sheria hutungwa na watu.

Yafaa ikumbukwe jinsi nchi hii ilivyofika hapa. Kuanzia mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa. Madaraka yalitoka Dar es Salaam kweli, lakini yakatua mezani kwa maofisa wa mkoa na wilaya, si mikononi mwa wananchi. Miji ikachakaa: mifereji ikaziba, taka zikarundikana, barabara zikawa mashimo. Mwaka 1978 ilibidi mabaraza ya miji yarejeshwe, na mwaka 1984, kwa nguvu ya sheria za 1982, halmashauri za wilaya nazo zikarudi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, aliyataja mambo mawili ambayo asingeyafanya kama angeanza upya: kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Si kila kiongozi anayeweza kukiri namna hiyo akiwa bado madarakani. Katiba nayo, katika ibara ya 146, ikatamka kwamba madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na ibara ya 8 imetamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.

Sasa itazamwe miji yenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 79,056 katika eneo la Halmashauri ya Mji wa Handeni, na watu 68,308 katika lile la Mji wa Korogwe. Hii si miji ya maghorofa. Ndani ya mipaka ya Mji wa Korogwe zimo kata kama Kwamndolwa na Mgombezi, ambako mkonge ulikuwapo kabla ya wazo lolote la baraza la mji. Ndani ya Mji wa Handeni imo Kideleko, na zimo kata nyingine ambazo wakazi wake huamka na jembe. Mtu wa huko hakuhama. Mji ndio uliomhamia. Siku mpaka ulipochorwa upya alilala akiwa mwanakijiji, akaamka akiwa mkazi wa mamlaka ya mji, na hakuna aliyempigia hesabu ya kile alichopoteza katika mabadiliko hayo.

Hesabu hiyo ianze na ardhi. Kijijini, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla ya mkutano mkuu kukubali. Halmashauri ikikaidi, mkutano ule ule unaweza kuiondoa. Mjini, shamba la mhogo hupimwa likawa viwanja, viwanja vikapewa namba, na mwenye shamba akangoja fidia. Baraka za mpango huo hutolewa katika vikao vya madiwani na wataalamu. Huenda uamuzi ukawa wa haki, na huenda usiwe. Usipokuwa wa haki, mwenye shamba anaweza kwenda mahakamani akiwa na nauli na wakili, ama anaweza kungoja sanduku la kura. Hana njia ya tatu. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayeuza nyanya sokoni: ushuru wa kizimba chake, mahali pa kituo cha mabasi, saa ya kufunga soko, yote hupita kwa watu ambao, wakishaapishwa, hawana sababu ya kisheria ya kumwogopa.

Je, diwani hawezi kuondolewa kabisa kabla ya muda wake? Anaweza. Anaweza kuondolewa na kifo, na hukumu ya mahakama, na barua yake mwenyewe ya kujiuzulu. Na zaidi ya hayo anaweza kuondolewa na chama chake. Kwa kuwa hapa nchini mtu hagombei ila kwa tiketi ya chama, anayevuliwa uanachama hupoteza kiti papo hapo. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita kwa haraka, nalo ndilo kiini cha shauri hili: Tanzania haijawahi kuikataa fikra ya kumwita kiongozi nyumbani kabla ya muda. Imekuwa ikiitumia tangu zamani. Mwezi Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliwavua uanachama watu tisa, saba kati yao wakiwa wabunge, na ubunge wao ukakoma hapo. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kipindi cha miaka mitano ni kitu kitakatifu kisichoguswa.

Katika mfumo wa vyama vingi silaha hiyo imebaki, na matumizi yake yanafundisha. Mwaka 2011, kule Arusha, CHADEMA iliwafukuza madiwani wake watano waliokubali muafaka juu ya mgogoro wa umeya. Mmoja alikuwa wa viti maalumu; wanne walikuwa wa kata za Kimandolu, Elerai, Themi na Kaloleni. Uchaguzi wa kuzijaza kata hizo nne haukufanyika mpaka Julai 2013. Kwa muda wa karibu miaka miwili, maelfu ya wapiga kura wa Arusha walikaa bila diwani, si kwa sababu walimkataa diwani wao, bali kwa sababu kikao ambacho wao hawakualikwa kilimkataa. Kila shilingi ya ushuru iliyokusanywa katika kata hizo wakati huo ilikusanywa kwa watu wasio na msemaji.

Na isidhaniwe kwamba hilo ni gonjwa la upinzani peke yake. Mwaka huo huo wa 2013, mwezi Agosti, uongozi wa CCM Mkoa wa Kagera ulitangaza kuwavua uanachama madiwani wanane wa Manispaa ya Bukoba waliokuwa wakivutana na meya wa chama chao wenyewe juu ya miradi ya manispaa. Uongozi wa juu wa Chama uliingilia kati na kuuzuia uamuzi huo, na ulifanya vema. Lakini swali lilibaki likielea juu ya Ziwa Victoria: madiwani wale walikuwa na kosa au hawakuwa nalo? Waliowachagua walikuwa Bukoba. Walikuwa wakiishi pale, wakilijua soko lao lililobishaniwa na viwanja vyao vilivyozungumzwa. Hao hawakuulizwa, wala hakuna sheria iliyotaka waulizwe.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kumwondoa kiongozi katikati ya kipindi ni kuvuruga utulivu, waulizwe kwa upole: utulivu wa nani? Ikiwa kikao cha watu thelathini chaweza kuiacha kata wazi, basi wapiga kura wa kata nzima, kwa kura ya siri, hawawezi kuwa hatari zaidi.

Iko na njia nyingine, ile ya madiwani wenyewe kumwondoa mwenyekiti au meya wao kwa theluthi mbili ya kura. Nayo ni njia halali, na ina kazi yake. Lakini ni shauri la wakubwa kwa wakubwa. Januari 2020 madiwani wa Jiji la Dar es Salaam walimpigia meya wao kura ya kumwondoa, na ubishi uliofuata haukuwa juu ya maji, taka wala barabara za jiji; ulikuwa juu ya iwapo theluthi mbili ilitimia. Mwananchi wa Tandale au wa Mbagala alisoma habari hiyo gazetini kama anavyosoma matokeo ya mpira.

Zamani za utawala wa Kiingereza, kuanzia miaka ya 1920, zumbe wa Uzigua na wa Usambara alikuwa na mabwana wawili. Chini yake walikuwapo watu wake. Juu yake alikuwapo Bwana Shauri wa bomani. Aliyeweza kumwondoa ni yule wa juu, na kwa hiyo ni yule wa juu aliyesikilizwa. Hata hivyo wazee wa Usambara, wale wanaoitazama Korogwe kutoka milimani, walikuwa na kipimo chao cha mtawala kilichokuwapo kabla ya Mjerumani na Mwingereza: je, anaiponya nchi au anaiharibu? Mvua, njaa na amani vyote vilihesabiwa katika kipimo hicho. Mwaka 1963 Serikali ya Uhuru iliufuta utawala wa machifu, na ilikuwa haki. Lakini inafaa diwani wa leo ajiulize anamsikiliza nani kwanza, na kwa nini. Mwanadamu humsikiliza yule awezaye kumfukuza kazi. Huo si ubaya wa moyo wa diwani huyu au yule. Hivyo ndivyo mpango wa kazi yake ulivyowekwa.

Hapana budi pia kusema ukweli juu ya haki ya kijiji yenyewe, maana isije ikasifiwa kuliko inavyostahili. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wote. Anayeuitisha ni mwenyekiti. Anayetunza vitabu na kuandika muhtasari ni mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa na hapigiwi kura. Sasa mwenyekiti anayejua kwamba akisimama mbele ya watu ataulizwa fedha za mnada zimekwenda wapi, ana dawa rahisi sana: haitishi mkutano. Miezi mitatu inakuwa sita, sita inakuwa mwaka, na kila anayehoji anaambiwa kwamba watu wako shambani, au mvua ni nyingi, au mtendaji yuko safarini. Haki ya kumwondoa imefungiwa ndani ya mkutano, na ufunguo wa mkutano uko mfukoni mwa yule anayepaswa kuondolewa. Mwalimu yeyote aliyepangiwa kazi kijijini ameliona hilo kwa macho yake, na pengine ndiye aliyeombwa siku moja awasaidie wananchi kuandika barua kwa mkuu wa wilaya.

Funzo la kijiji kwa mji liko wazi. Haki ya kumwondoa diwani isitegemee hiari ya diwani, wala ya baraza lake, wala ya mkurugenzi. Ianzishwe na orodha ya majina ya wapiga kura wenyewe, iliyopelekwa kwa Tume inayosimamia uchaguzi, na ikishahakikiwa kura iitishwe bila mtu kubembelezwa.

Hapo ndipo huinuka sauti za hofu, na baadhi yake zina haki ya kusikilizwa. Hofu ya kwanza ni ya aliyeshindwa. Inasemwa kwamba mgombea aliyebwagwa hatalala. Kesho yake tu ataanza kuzunguka na karatasi akitafuta saini. Jambo hilo limetokea ulimwenguni. Nchini Peru, sheria ya mwaka 1994 iliruhusu wananchi kuwaondoa mameya na madiwani, na maelfu ya viongozi wa miji na wilaya wakapigiwa kura za namna hiyo, mara nyingi kwa msukumo wa wale waliowashinda katika uchaguzi. Nchini Kenya, sheria ilijaribu kumzuia kabisa mgombea aliyeshindwa asianzishe shauri la kumwondoa mbunge. Kifungu hicho kilikuwa miongoni mwa vile ambavyo Mahakama Kuu ilivibatilisha mwaka 2017. Mahakama ilikuwa na sababu: aliyeshindwa naye ni mpiga kura. Dawa ya aliyeshindwa ni muda. Sheria ya Kenya ilisema shauri lisianzishwe kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho. Japani, ambako haki hii imo katika sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1947, mwaka wa kwanza wa kiongozi hauguswi, na baada ya hapo mtu anayetaka kumwondoa meya au diwani sharti alete saini za theluthi moja ya wapiga kura katika miji ya kawaida. Theluthi moja ya kata si watu wa kununuliwa kwa soda.

Lakini kizingiti kikipandishwa mno, haki inakuwa pambo. Uganda iliandika katika Katiba yake ya mwaka 1995 kwamba mbunge aweza kuondolewa kwa maombi yaliyotiwa saini na theluthi mbili ya wapiga kura waliosajiliwa wa jimbo. Theluthi mbili! Wapo viongozi wengi, na si wa Uganda tu, ambao hawakupata hata theluthi moja ya waliosajiliwa walipochaguliwa. Kisha marekebisho ya mwaka 2005 yakasema kwamba haki hiyo itakuwapo tu pale mfumo wa Movement unapotumika, na wakati huo nchi ilikuwa ikiingia katika vyama vingi. Haki ikawekwa kabatini. Kenya nayo, tangu ilipoandika haki ya kumwondoa mbunge katika Katiba ya mwaka 2010, haijaitumia kumwondoa hata mmoja.

Hofu ya pili ni ya gharama, na hii hutolewa zaidi na watu wa hazina. Kura ya kata moja si uchaguzi mkuu. Vituo vinajulikana, daftari lipo, na makarani wake ni walimu wale wale ambao kila baada ya miaka mitano hukesha wakihesabu karatasi kwa mwanga wa kandili. Na gharama ipimwe na kile inachokizuia. Diwani mmoja anayenyamaza huku fedha za mradi wa soko zikipotea ameigharimu halmashauri kuliko kura kumi za kata. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu husomwa bungeni kila mwaka, wenye macho wameona.

Hofu ya tatu ndiyo nzito, na haifai kupuuzwa. Kuna maamuzi yaliyo sahihi ambayo hayapendwi. Diwani anayekubali vibanda viondolewe juu ya mfereji, au anayeunga mkono ushuru ukusanywe kwa mashine badala ya kuingia mifukoni, atachukiwa wiki hiyo. Tena watu huweza kumtwisha mzigo usio wake. Handeni ni nchi kavu. Maji yake kwa miaka mingi yametegemea bomba refu la mradi wa HTM linalotoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na kila bomba likipungua nguvu hutafutwa wa kulaumiwa. Diwani hawezi kuujaza Mto Pangani. Ikiwa kiangazi kitatosha kumwondoa mtu, basi hakuna atakayekubali kugombea Handeni.

Jibu la hofu hii ni kwamba sheria itaje makosa, na yawe machache yanayoeleweka na mtu wa kawaida. Kutofanya mikutano katika kata kwa muda uliowekwa. Kutotoa taarifa ya mapato na matumizi ya miradi ya kata. Kujigawia, au kuwagawia jamaa zake, kiwanja, kizimba au zabuni ya halmashauri. Kuhama kata. Haya hayana uhusiano na mvua. Na hapa kuna kitu cha ajabu kidogo katika sheria zilizopo: Katiba, ibara ya 71, inamvua mbunge kiti chake asipohudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika. Kukosekana mbele ya Spika ni kosa linalomaliza ubunge. Kukosekana mbele ya wapiga kura kwa miaka minne si kosa lolote.

Wengine husema kwamba mwananchi wa kawaida hajafikia kiwango cha kupewa silaha hiyo. Kauli hii ina harufu ya Bwana Shauri, na inashangaza kuisikia ikitoka katika ofisi za umma. Mwanakijiji amekuwa nayo katika sheria tangu 1982, na vijiji havijasambaratika. Tena Bunge lenyewe limekwisha kuonyesha kwamba linamwamini mpiga kura kwa jambo la jinsi hiyo hiyo. Kwa miaka mingi mgombea aliyebaki peke yake alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Ndivyo jimbo la Korogwe Vijijini lilivyopata mbunge mwaka 2018, bila hata karatasi moja ya kura kukunjwa. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya mwaka 2024, imeifunga njia hiyo: mgombea akiwa mmoja, watu watampigia kura ya ndiyo au hapana. Mwananchi amekwisha kukabidhiwa neno hapana mlangoni, siku kiongozi anapoingia. Kinachodaiwa ni kwamba asinyang'anywe neno hilo kiongozi akishakaa kwenye kiti.

Jambo hili si geni mezani. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima ikikusanya maoni, na katika rasimu iliyokabidhiwa mwezi Desemba 2013 iliweka haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge wao. Bunge Maalumu lilipomaliza kazi yake mwezi Oktoba 2014, ibara hiyo haikuonekana tena katika Katiba Inayopendekezwa. Waliokuwa wakiamua walikuwa, kwa sehemu kubwa, wabunge. Haihitaji kuwa mnajimu kuelewa. Na hata rasimu ile ya Jaji Warioba haikumgusa diwani, kwa kuwa serikali za mitaa hazikuwa jambo la Muungano. Diwani wa Handeni alipita katikati ya vidole vya wote wawili.

Ndiyo maana haifai kungoja Katiba mpya. Madaraka ya diwani yametokana na sheria za kawaida za Bunge, na sheria za kawaida hurekebishwa kwa muswada wa kawaida. Kifungu chenyewe kinaweza kusema hivi: baada ya miezi 24 ya kazi, na kabla ya miezi 12 ya mwisho, theluthi moja ya wapiga kura waliosajiliwa wa kata wakitia saini na kutaja kosa lililomo katika sheria, Tume iitishe kura ya siri, diwani aondoke ikiwa kura za kumwondoa zimezidi za kumbakiza, na pia zimezidi idadi ya kura zilizomwingiza. Akiondoka, uchaguzi mdogo ufanyike haraka, ili yaliyowapata watu wa Kimandolu na Themi yasirudiwe. Na chama chake kiwe huru kumsimamisha mwanachama mwingine katika uchaguzi huo. Sharti hili la mwisho linapaswa kusomwa kwa makini na vyama vyote, na CCM yenye madiwani wengi kuliko wote isome mara mbili: chama kinachobeba diwani mbovu mpaka mwaka wa tano hulipa deni lake na la diwani kwa pamoja siku ya uchaguzi.

Watumishi wa halmashauri wana sehemu yao, na si ndogo. Mwananchi hawezi kutaja kosa la fedha asiloweza kuliona. Taarifa ya mapato na matumizi ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili, kwa tarakimu zinazosomeka, wapiga kura watajua wamsamehe nani na wamhoji nani. Ikifungiwa kwenye jalada, uvumi utaikamata kazi hiyo, na uvumi hauchagui mwema na mwovu. Mtendaji wa kata anayeogopa kubandika karatasi kwa sababu diwani hatapenda, ajue kwamba mshahara wake hautoki mfukoni mwa diwani.

Madiwani walioingia kwa uchaguzi wa Oktoba 2025, wa Handeni, wa Korogwe na wa nchi nzima, watatimiza miezi 24 ya kazi mwezi Oktoba 2027. Muswada ukipelekwa bungeni mapema na kupita, kifungu kitakuwa kimekwisha kuchapishwa katika Gazeti la Serikali kabla ya tarehe hiyo, na nakala yake inaweza kubandikwa kwenye ubao ule ule wa ofisi ya kata, pembeni ya mapato na matumizi.